Linauzwa Kama Lilivyo

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili si langu. Ni daftari la safari la mume wangu, la mwisho alilopewa kazini, lenye safu za tarehe, anakotoka, anakokwenda, kilomita na sahihi ya dereva. Alijaza kurasa kumi na moja tu, akastaafu. Leo daktari ameniambia niandike anachofanya Mzee kila siku, ili tukirudi baada ya miezi mitatu asije akaambiwa tu "anaendelea hivyo hivyo". Kununua daftari jipya niliona uvivu, na hili lilikuwa kabatini limekaa bure. Safu zake zitanisamehe.

Daktari alisema kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Kisha, Mzee akiwa ameinama anafunga viatu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bado anaendesha?"

Nikamwambia hapana, gari tulilonalo ni bovu.

"Basi liondoe, mama. Bovu ndilo baya zaidi."

Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Mzee ameuliza mara nne kama leo ni siku ya kazi.

Alhamisi, 5 Machi

Niandike kuhusu gari, maana ndilo linaloninyima usingizi. Ni jeusi, refu, lina viti vya ngozi na vipazia kwenye vioo vya nyuma. Mume wangu aliliendesha miaka kumi na tisa, Mkurugenzi akiwa kiti cha nyuma anasoma magazeti. Mkurugenzi alimwachia gari hilo kama zawadi siku walipostaafu wote wawili, na mwaka uliofuata akafariki. Watu walituonea gere. Hawakujua kwamba zawadi ile inakunywa mafuta kama imetumwa, na kwamba kila kipuri chake kinaagizwa mbali. Sasa ni mwaka wa sita limelala uani, mbele ya dirisha langu la kushonea.

Leo nimemwita Fundi alikague. Gereji yake iko mtaa wa nyuma, na mume wangu ndiye aliyemfundisha kushika spana. Amelizunguka, ameingia chini yake, ametoka na uso mrefu.

"Mama, hapa tatizo la kwanza ni hii mifuko." Akanieleza. Gari hili halina springi za chuma. Kila gurudumu lina mfuko wa hewa. Injini ikiwaka, pampu inajaza mifuko na gari linainuka kama mtu anayetoka kitini. Ukilizima, hewa inavuja taratibu, na kesho yake tumbo liko chini, karibu liguse sakafu. Aliliwasha nikaliona kwa macho yangu likipanda.

"Na la pili?"

"La pili breki. Ukikanyaga pedali inazama mpaka chini. Ukipampu mara tatu inashika. Mara nyingine haishiki. Hizi ni breki za kubahatisha, mama."

Tumeandika tangazo la kuliuza: gari la kifahari, la mmiliki mmoja, linahitaji matengenezo madogo. Neno "madogo" nimeliweka mimi. Fundi alitazama pembeni.

Jumamosi, 7 Machi

Binti yetu amemleta mjukuu. Ana miaka saba na tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi. Mama yake ni muuguzi, na siku za zamu mtoto anashinda hapa kwetu akitoka shule. Binti amesema, "Mama, mwache baba na gari lake. Ndicho kitu pekee anachokijua bado." Amelisema kwa huruma, lakini yeye haishi nalo.

Alhamisi, 12 Machi

Gari limeinuka.

Nilikwenda kumpelekea mteja gauni, sikukaa hata saa moja. Niliporudi mvua ilikuwa imekatika. Nikafungua dirisha la kushonea nikae kazini, na badala ya kuona paa la gari nikaona milango yake yote. Asubuhi lilikuwa chini. Nilitoka, nikagusa boneti. Ilikuwa ya moto.

Ufunguo uko kwenye droo ya cherehani, chini ya visanduku vya vifungo, nilipouweka. Mzee alikuwa amelala kwenye kochi, redio inamwimbia. Nimemwamsha nikamuuliza kama aliwasha gari. Akanitazama kama ninayemtania. "Bibie, leo si siku ya kazi." Bibie ndivyo anavyoniita tangu aliponioa.

Ijumaa, 13 Machi

Limeshuka. Nimehamisha ufunguo, nimeuweka kwenye kopo la unga.

Jumatano, 18 Machi

Mvua siku nzima. Mzee amekataa kuoga, kisha ameoga mara mbili.

Alhamisi, 19 Machi

Limeinuka tena. Safari hii nilikuwa humu humu ndani! Nilikuwa nashona, mvua inapiga bati kiasi kwamba hata cherehani sikuisikia. Nilipoinua kichwa, lilikuwa limesimama kwa miguu yake yote minne, kimya, kama linanisubiri. Nimelivuruga shati la watu.

Ufunguo uko kwenye unga. Nani basi? Nimekumbuka kwamba Fundi alikaa na ufunguo ule siku mbili wakati wa kulikagua. Kuchonga wa pili ni kazi ya dakika kumi. Labda anakuja kuliwasha, labda ana mteja wake wa pembeni. Nimechagua kumshuku Fundi, maana lile jingine sitaki hata kulifikiria.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekwenda gereji nikamwambia Fundi mbele ya watu wake. Alifuta mikono, akanifuata nyumbani, akafungua boneti, akatoa betri. Akaingia nayo mpaka ndani, akaiweka chini ya cherehani yangu, pale ninapoweka miguu.

"Hii hapa. Kaa nayo mwenyewe, mama, nisije nikaiba na hiyo." Akaondoka bila kunywa maji.

Nimeona aibu, lakini pia nimelala vizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Leo nimejua.

Saa moja asubuhi nimemkuta Mzee ndani ya gari. Amevaa suruali ya kazi, shati jeupe na tai, na kandambili. Mikono yake iko kwenye usukani, mgongo umenyooka. Alikuwa anasubiri kitu. Nikafungua mlango polepole.

"Limezimika," akasema. "Jana liliwaka vizuri."

"Uliwasha jana?"

"Kila siku lazima lipate moto kidogo, Bibie. Likilala sana linakufa."

"Uliwasha kwa ufunguo gani?"

Alinicheka. "Dereva hakai na ufunguo mfukoni. Ukianguka mtoni, na ufunguo umeanguka."

Nimempekua mifuko. Nimepekua godoro, viatu, makopo, tangi la choo, nimepekua gari lenyewe mpaka chini ya mazulia. Hakuna ufunguo. Anao mahali, na mahali hapo hapatajiki. Kinachomzuia asiingie barabarani ni ile betri chini ya miguu yangu.

Kutoka langoni kwetu barabara inashuka moja kwa moja. Kuna mteremko mrefu, kisha shule, kisha makutano ya magari makubwa. Nimekuwa naipita njia hiyo kichwani tangu asubuhi. Kila nikifika shuleni nasimama.

Jumapili, 29 Machi

Nimemwomba Fundi msamaha. Alisema, "Yameisha, mama." Hayajaisha, nimeona machoni. Lakini alinywa maji.

Alhamisi, 2 Aprili

Mnunuzi wa kwanza. Alikuja na njiti ya meno mdomoni, akapiga matairi mateke, akauliza kama tuko serious na bei ile. Mzee akamwambia gari ni mali ya ofisi. Kwaheri mnunuzi.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Hakuna aliyepiga simu.

Alhamisi, 9 Aprili

Sijui niandikeje haya. Nayaandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba hayakutokea.

Amekuja mwanamume mmoja mpole, na mkewe, na mtoto mchanga kifuani mwa mama. Binti alikuwa amempeleka Mzee kwa kinyozi kama tulivyopanga. Fundi alikuja asubuhi kufunga betri, akaniambia, "Habari ya breki mwambie wewe mwenyewe. Mimi mdomo wangu sitauweka hapo." Akaenda zake.

Gari liliwaka mara moja. Likapanda. Mke wa yule bwana alikaa kiti cha nyuma, akavuta kile kipazia, akacheka kama msichana. Mume akasema wanalichukua leo leo, matengenezo madogo atafanya huko huko kwao, kwani ni mbali? Wala si mbali. Ni kushuka tu mteremko.

Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema. Alipokuwa anahesabu pesa. Alipokuwa anarekebisha kioo. Mkewe aliponiuliza kama viti vinafutwa kwa kitambaa kikavu au kibichi, nikamjibu, kikavu. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu, kwamba jioni nitafungua dirisha na uani hapatakuwa na kitu. Nilitaka hilo kiasi kwamba niliwafungulia lango kwa mkono wangu.

Gari likaanza kujongea. Nikamwona yule mama akimfunika mtoto masikio kwa sababu ya muungurumo wa injini. Sijui miguu yangu iliamua saa ngapi. Nilijikuta nimesimama katikati ya lango, mikono imetanuka, napiga kelele kwamba hazishiki, breki hazishiki!

Alikanyaga. Nikaona kwenye uso wake kwamba pedali imezama. Akakanyaga tena, na tena, na gari likasimama limenigusa magoti.

Alishuka. "Mama. Ulitaka kutuua?"

Niliwarudishia pesa zao. Mkewe hakunitazama tena.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimeirudisha betri chini ya cherehani. Nimeandika tangazo jipya peke yangu. Nalinakili hapa: Gari kuukuu la kifahari, kwa mtu wa kulitengeneza. Breki haziaminiki. Mifuko ya hewa inavuja. Linakula oili. Taa moja haiwaki, kioo cha mlango wa nyuma hakipandi, kuna kutu chini. Lisiendeshwe, libebwe. Linauzwa kama lilivyo.

Fundi amelisoma mara mbili. "Sasa hili ndilo tangazo, mama." Tumecheka kidogo, mara ya kwanza tangu yale ya betri.

Jumatano, 15 Aprili

Watu wanapiga simu ili kucheka. Mmoja ameuliza kama angalau lina honi.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua siku ya tano. Mzee anakaa dirishani analitazama gari, nami namtazama yeye. Leo aliniita kwa jina la dada yake.

Ijumaa, 24 Aprili

Alikuwa mzuri siku nzima. Amemfundisha Kasuku alama za barabarani kwa vifungo vyangu. Mtoto amesema, "Babu ana siri ya kazi na mimi naijua." Nikamwuliza siri gani. Akafunga mdomo kwa viganja vyote viwili. Kasuku kunyamaza! Nilipaswa kujua pale pale kwamba jambo ni kubwa. Nilikuwa nakata kitambaa, nikamwacha.

Jumanne, 28 Aprili

Amekuja mnunuzi ambaye sikumtarajia. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, kucha fupi zenye weusi usiotoka. Anafundisha ufundi wa magari kwenye chuo. Alikuwa na tangazo langu limekunjwa mfukoni.

"Mama, wanafunzi wangu wanajifunzia magari yaliyokwisha tengenezwa. Wanayafungua, wanayafunga, wanafaulu mtihani, halafu hawajui kitu. Mimi nataka gari lenye kila ugonjwa. Haya uliyoandika ni ya kweli yote?"

"Na mengine sikuyajua jina."

"Basi ndilo hilo."

Aliomba kusikia injini. Fundi akaja akafunga betri. Huyu Mwalimu alilisikiliza gari akiwa amefumba macho, akasema kesho asubuhi anarudi na mwenzake wa chuo waone pamoja, kisha karatasi zitaandikwa. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Mwalimu akakimbilia kwenye gari lake. Fundi akaitwa gereji, paa linavuja. Mimi nikakimbilia nguo za watu zilizoanikwa. Baadaye nilipokumbuka betri nilijisemea, ni usiku mmoja tu, kesho wanataka kulisikia tena, na nati zile ngumu siziwezi.

Jumatano, 29 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Mwalimu alipiga simu asubuhi kwamba mwenzake amekwama, watakuja jioni. Nilipaswa kumwita Fundi saa ile ile atoe betri. Sikumwita. Binti alimleta Kasuku saa saba, shule zimefungwa mapema kwa sababu ya maji. Saa nane na nusu uzi mweusi ukaniishia. Duka la uzi liko kona ya pili. Niliwaacha Mzee na mtoto mezani wanapanga vifungo. Nilifunga lango kwa nje kwa komeo, lile ambalo hata aliye ndani analifikia akipitisha mkono, nikaenda mbio, nikarudi mbio. Dakika kumi na tano. Labda ishirini, duka lilikuwa na foleni.

Lango lilikuwa wazi. Uani kila mahali palikuwa pamelowa, maji yanatiririka, isipokuwa sehemu moja ndefu katikati, kavu kabisa, yenye umbo la gari. Nilisimama kando ya ule ukavu. Matone yalikuwa yanauanza pembeni. Nikajua kwamba hawajaenda mbali, na kwamba kila sekunde ninayosimama pale wanazidi kwenda. Nikaita, "Kasuku!" Vifungo vilikuwa mezani. Mtoto hakuwepo.

Sikumbuki nilifikaje gereji. Fundi hakuuliza swali. Aliwasha pikipiki, nikapanda nyuma bila kofia, na gauni, na uzi mkononi. Mteremko ule ulikuwa mto. Nilikuwa namwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine ni ya matusi. Shuleni niliyafumba macho kabisa.

"Mama, hakuna kitu hapa," Fundi akapiga kelele. "Fumbua macho. Hakuna kitu."

Watu walikuwa wamejibanza chini ya paa la duka. Fundi akawauliza kama wameona gari jeusi kubwa.

"Limepita," akasema mmoja. "Taratibu kabisa, utadhani limebeba maiti."

Nikaanza kulia kwa sababu ya lile neno. Fundi akasema, "Mama, ofisini kwao palikuwa wapi?"

Jengo lile siku hizi lina ofisi za watu wengine. Tulipokata kona nililiona. Limeegeshwa sambamba na ukingo, sawa sawa, pale pale lilipokuwa likiegeshwa miaka kumi na tisa. Magurudumu ya mbele yamegeuzwa yakaegemea ukingo. Gurudumu la nyuma limewekewa jiwe. Na Mzee amesimama kwenye mvua kando ya mlango wa nyuma, na tai, na mwavuli ambao hakujifunika yeye. Alikuwa ameushikilia juu ya mlango.

Nilifungua mlango wa upande wa pili. Kasuku alikuwa amekaa katikati ya kile kiti kikubwa, amefungwa mkanda, mkavu, anakula biskuti.

"Bibi! Mimi ni Mkurugenzi!"

Nilimshika kila mahali, kichwa, mikono, miguu. Mzima. Kisha nikamzungukia mume wangu. Nilikuwa nimekusanya maneno njia nzima, nilikuwa nakwenda kumpasulia hapo hapo barabarani. Yeye alinisogeza kando kwa adabu, kwa ncha za vidole.

"Samahani, mama. Usisimame hapo. Mkubwa anatoka sasa hivi."

"Ni mimi," nikamwambia. "Mimi mke wako."

Akanitazama vizuri, kama mtu anayetaka kusaidia. "Mke wangu yuko nyumbani," akasema. "Anashona. Nikimaliza hapa namfuata."

Naliandika hili kama lilivyo. Hakuwa na hasira. Alilisema kwa fahari, jinsi mwanamume anavyosema kwamba kwake kuna mtu anamngoja. Mimi nilikuwa mbele yake nimelowa, na uzi mkononi, na hakunijua.

Fundi ndiye aliyeniokoa. Alisimama wima mbele yake. "Mzee, Mkubwa ameondoka na gari jingine. Amesema uende ukapumzike, gari nilipokee mimi."

Mzee akafikiri. "Unalipokea kwa makabidhiano?"

"Kwa makabidhiano, mzee."

"Basi sikiliza. Breki usiiamini ya kwanza. Pampu tatu. Kwenye mteremko shuka na gia ndogo toka juu kabisa, usisubiri katikati. Mimi nimekuja hivyo." Akampa ufunguo, akafunga mwavuli, akapanda na sisi teksi bila ubishi. Njiani alisinzia begani mwangu.

Alijua. Wakati wote nilipokuwa nikimficha breki zile kama siri, yeye alikuwa akizijua kuliko Fundi.

Kasuku amenieleza jioni. Ufunguo ulikuwa nyuma ya kibao cha namba, umefungwa kwa waya, ndivyo madereva wa ofisi walivyofanya ili gari lisikwame dereva akiugua. Mzee anautoa, analipa gari moto kidogo, anaurudisha. "Ilikuwa siri ya kazi, Bibi. Umenikasirikia?" Mimi niliukagua undani wa lile gari kwa vidole, na nyuma ya namba sikupafikiria, maana sikuwahi kuwa dereva.

Alhamisi, 30 Aprili

Binti amekuja. Nilidhani atakuja juu. Alikaa jikoni na sare yake ya kazi, akasema polepole, "Mama, mtoto haji tena mpaka gari liondoke. Na mimi ndiye niliyekwambia uliache." Tumelia wote wawili, kila mmoja kwa kosa lake.

Jumapili, 3 Mei

Mzee amemuulizia Kasuku mara sita.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua zinapungua. Fundi alilirudisha gari kwa kulivuta, Mwalimu na mwenzake wakaja wakaliona wakalikubali, na betri iko gerejini kwake, si chini ya miguu yangu. Bado nikiamka kitu cha kwanza natazama limesimama au limelala. Limelala.

Jumamosi, 9 Mei

Mwalimu amekuja na lori la kubebea magari. Nilitaka Mzee awe kwa kinyozi. Fundi akasema, "Mama, mwache awepo. Akiliona limetoweka tu atalitafuta maisha yake yote." Nilikuwa nimekwisha jifunza kumsikiliza Fundi.

Mzee alitoka na tai. Alimtazama Mwalimu juu mpaka chini. "Wewe ndiye dereva mpya?"

"Ndiye mimi, mzee," Mwalimu akasema, bila kunitazama kwanza.

Akaomba daftari. Daftari hili! Nililileta nimelibana kifuani, nikamfungulia ukurasa wa mwisho, ambao una kichwa cha makabidhiano. Wakaanza kulizunguka gari, Mzee mbele, Mwalimu nyuma yake anaandika. Mzee aliligusa kila mahali alipotaja. Mfuko wa mbele kulia unavuja kuliko mingine. Breki pampu tatu. Oili lita moja kila wiki mbili likitembea. Kioo hiki ukikisukuma kwa kiganja kinapanda, Fundi hakujua. Kiti cha nyuma kina doa la kahawa chini ya mto, Mkubwa alimwaga siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, tukakubaliana tusiliseme. Hakusahau kitu. Mtu ambaye asubuhi alitaka kuvaa soksi mikononi alisimama pale nusu saa na hakurudia neno.

Aliweka sahihi. Mwalimu akaweka ya kwake chini yake. Mzee akampa mkono, akasema, "Usiliache likalala sana." Lori lilipotoka hakulifuata kwa macho. Aliingia ndani, akavua tai, akalala mchana wote.

Uani kumebaki alama ya oili.

Jumatano, 13 Mei

Kasuku amerudi. Kelele tupu. Namshukuru Mungu kwa kelele.

Jumamosi, 23 Mei

Jua. Naamka natazama dirishani, hakuna cha kuinuka wala kushuka, na hofu iko pale pale. Nilidhani itapanda lori na kwenda.

Jumatatu, 1 Juni

Kesho tunarudi kwa daktari. Mvua imekwisha kabisa. Nilikuwa nasoma haya niliyoandika, Mzee akaja akaketi kando yangu, akachukua daftari, akafungua nyuma. Aliisoma ile orodha kwa kidole, mpaka kwenye sahihi yake.

"Bibie," akasema. "Hili gari nililikabidhi vizuri?"

"Vizuri sana."

"Nilitaja kila kitu?"

"Kila kitu. Hata kahawa."

Alifunga daftari. Nikadhani yameshampotea. Kisha akasema, "Mimi je? Nitakabidhiwa kwa nani?"

Macho yake yalikuwa yake mwenyewe, yale ya zamani. Nilijua sina muda mrefu. Nikavuta kalamu, nikafungua ukurasa mtupu, nikamwambia, "Taja."

Akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu kama alivyofanya uani. "Nasahau siku. Nasahau kama nimekula. Jioni nakuwa mkali bila sababu, ujue si wewe. Mlango wa mbele uufunge kwa ndani, maana nitatoka." Akasita kwenye kidole cha mwisho. "Na kuna saa nakutazama, sijui wewe ni nani. Naona aibu kuuliza. Basi nakuwa na adabu tu, mpaka unirudie."

Niliandika yote. Naogopa kuliko nilivyowahi kuliogopa lile gari, maana huyu hakuna wa kuja kumbeba, na mteremko wake sijui unaishia wapi. Chini ya orodha niliandika: Nimempokea kama alivyo. Nikaweka sahihi.

Akalichukua daftari, akalisogeza karibu na macho, akalikagua kama alivyokuwa akikagua kila karatasi maisha yake yote. Akanirudishia.

"Umesahau tarehe," akasema.

Nikaiandika.